Nimefundisha watoto Kiingereza Thailand miaka mitatu, sasa niko Ngamiani: karibuni barazani

#1 Mwana wa Barabara ya Tisa (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni. Juzi kijiweni, kahawa ya pili, mzee mmoja kaniuliza mbele za watu: "Hivi weye, Mswahili wa Tanga, ulikwenda kumfundisha nani Kiingereza?" Watu wakacheka, mie nikacheka nao, lakini swali nikarudi nalo nyumbani. Nimeona bora niandike hapa kwa utulivu, maana kijiweni ukifika penye utamu ndipo mtu anakukata kwa habari za Coastal Union.

Niliondoka Mei 2016, kwa sababu mwaka wao wa shule unafunguliwa katikati ya Mei. Dar, Addis Ababa, Bangkok, halafu basi la usiku kutoka stendi ya Mo Chit mpaka mji mmoja mdogo wa Isan, kaskazini mashariki ya nchi. Shule siitaji. Ni ya msingi, kila darasa watoto arobaini kasoro, nami nikapewa la kwanza hadi la tatu.

Siku ya kwanza nimefika na viatu vya kamba, vile vya kuendea usaili, nimevipiga rangi mpaka unajiona uso. Mlangoni pa darasa nakuta viatu vidogo vimepangwa safu, vyote vinatazama nje. Kumbe darasani huingii na viatu. Nainama nafungua kamba, watoto wananitazama kimya, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba soksi ya kulia ina tundu. Kidole gumba kikatoka kuwasalimia wanafunzi kabla yangu. Darasa likalipuka. Mpaka leo naamini soksi ile ilinisaidia kuliko cheti.

Nikajikaza, nikaandika tarehe ubaoni, nikamalizia na 2016. Msaidizi wangu, mwalimu wa Kithai, akaja polepole kama anayetaka kufuta vumbi, akafuta mwaka, akaandika 2559. Wao wanahesabu kwa kalenda ya Kibuddha, wako mbele yetu miaka 543. Nikajiambia, haya, hata mwaka siujui, ndio nimekuja kufundisha.

Nitaendelea, muadhini anaita Magharibi.

#2 Kange Stendi

Nimeshatandika mkeka. Endelea mkuu, usituachie njiani kama wale wa "itaendelea" halafu wanapotea miaka.

#3 Pweza wa Raskazone

Swali langu dogo tu. Kithai ulikuwa hujui, wao Kiingereza hawajui. Mlikuwa mnaelewana kwa ishara au kwa imani?

#4 Mwana wa Barabara ya Tisa

Pweza umeuliza penyewe. Kuelewana hakukunisumbua sana. Ukiwa na picha ya tembo na uko tayari kulia kama tembo, mtoto wa miaka saba anakuelewa. Kilichonitesa ni midomo, wao wa kwao na mie wa kwangu.

Mdomo wa Kithai unapenda kulifunga neno kabla halijaisha. Mwishoni mwa neno s haikai, l haikai. S inageuka t au inamezwa kabisa, l inageuka n. Basi "school" inatoka "sakun", "football" inakuwa "futbon", "apple" inakuwa "eppen". Siku moja mtoto kaniambia kaja shuleni na "bat", nikaduwaa, popo wa kumbeba mtoto yupo wapi? Kumbe kaja na basi. R nayo wanaipeleka kwenye l, hata kwa maneno yao wenyewe: shule ni "rongrian", mtaani utasikia "longlian". Hiyo haikunishangaza, hapa nchini tunao wanaokula kura.

Sasa njoo kwangu. Mie mtoto wa Ngamiani, neno kwangu lazima liishe na irabu ndipo nivute pumzi. Sisi ndio tuliolikamata "bus" tukalifanya basi, "skirt" sketi, "blanket" blanketi. Nilijua Kiingereza changu kimenyooka, nimekisoma mpaka chuo kikuu. Nasema "book", darasa zima linaitikia "buku". Nasema "dog", wanaitikia "dogi". Mara ya kwanza nikawarekebisha. Mara ya pili nikapaza sauti. Mara ya tatu nikamtazama msaidizi, naye akatazama sakafu. Nikaelewa kwamba watoto wale hawajakosea hata kidogo, wananirudishia sauti yangu kama ilivyotoka.

Usiku nikajirekodi kwenye simu. Wallahi nikamsikia mjomba wangu anayeuza spea, anaita boliti na spana.

Nikaanza kujifunza upya nikiwa na miaka 27. Nikatunga mchezo: kila neno lina mlango, na mlango lazima ufungwe. Likiisha kwa s, nyoka anapita, mkono unatambaa hewani, sssss, mpaka niseme kafika shimoni. Likiisha kwa l, unaweka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, unaiacha palepale huku nahesabu hadi tatu, na watoto arobaini wamekodoa macho kama wamemeza mfupa. Likiisha kwa k, p au t, unapiga ngumi kwenye kiganja, pah, na baada ya ngumi ni kimya, irabu haina ruhusa ya kuingia. Ngumi ile niliitunga kwa ajili yangu, wao waliifurahia tu. Kuna siku kiganja kilikuwa kinawaka mpaka nashindwa kushika chaki.

Ikafika mahali nikisema neno likaponyoka na irabu, kuna kitoto cha dawati la mbele kinanitazama kwa huruma kisha kinapiga ngumi, pah, kwa niaba yangu.

#5 Mtu wa Bara

Hiyo ya kula kura tumeiona mkuu, usidhani tumelala.

#6 Shangazi wa Chumbageni

Mwanangu hongera kwa kurudi salama. Mie hayo ya ndimi sina haja nayo. Ulikula nini? Nasikia huko wanakula kila kinachotambaa.

#7 Mwana wa Barabara ya Tisa

Shikamoo Shangazi. Panzi wa kukaanga wapo sokoni, sikuonja, tusonge mbele.

Chakula cha Isan ni wali wa kunata, wanauita khao niao. Unaletwa ndani ya kikapu kidogo cha mianzi chenye mfuniko. Unamega kwa vidole, unaviringa tonge, unachovya kwenye kitoweo. Siku yangu ya kwanza walimu wote walisitisha kula, wanajiandaa kumwelekeza mgeni. Mie nikanawa, nikamega, nikaviringa, nikabonyeza kwa dole gumba, nikachovya. Mama mmoja mpishi akapiga makofi. Hawakujua kwamba nimelelewa kwa ugali.

Halafu som tam: papai bichi limechanwa nyuzi nyuzi, linatwangwa kinuni na pilipili, ndimu na maji ya samaki aliyechachushwa. Jioni mtaa mzima ni sauti ya mchi, pok pok pok. Nilikuwa nakaa kibarazani nafumba macho, naona kabisa uani kwa bibi siku ya kutwanga kisamvu.

Mtihani ni nguruwe, kila sufuria yumo. Maneno ya kwanza ya Kithai niliyoyashika sawasawa ni "mai sai mu", usitie nguruwe. Nikaishi kwa mayai na samaki mpaka nilipomgundua mzee mmoja Mwislamu jirani na stendi, anapika khao mok kai, wali wa manjano na kuku, ambao ni ndugu wa damu na biriani. Ijumaa sikuwa na haja ya kuuliza njia, pua ilinipeleka.

Na kuna kisa juu ya kisa. Watoto wa Kithai wana majina mawili, moja refu la kwenye cheti ambalo halitumiki, na moja fupi la nyumbani. Mie nilikuwa nao akina Ice, Bank na Beer, kama duka. Na yule wa dawati la mbele, mpiga ngumi wangu, ni Mu. Ndiyo, nguruwe. Kwa hiyo kila mchana nasimama mbele ya mpishi nasema sitaki mu, na Mu yuko nyuma yangu kwenye foleni na sahani yake.

#8 Shangazi wa Chumbageni

Astaghfirullah. Mtoto wa watu mzima mzima mnamwita nguruwe! Na wewe mwalimu ukawa unaitikia tu?

#9 Mwana wa Barabara ya Tisa

Shangazi, kwao ni jina la mapenzi, mtoto kanona. Na wazee wao walikuwa wanaamini jina bovu linamfukuza pepo asimtamani mtoto. Sisi tuna akina Mashaka, Tabu na Shida, tusiwacheke. Lakini nilijaribu kumbadilishia jina, nitakusimulia, matokeo yake si mazuri.

#10 Mhitimu Bila Ajira

Mkuu tuache stori za wali. Mshahara? Na mtu wa Tanzania anaingiaje? Nina shahada, nipo tayari hata kesho.

#11 Mwana wa Barabara ya Tisa

Kesho haiwezekani, punguza kasi.

Unatakiwa uwe na shahada, ya fani yoyote mara nyingi inakubalika. Unahitaji cheti cha kufundishia Kiingereza, maarufu TEFL, cha saa 120. Kwa kuwa pasipoti yetu si ya nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya mama, unafanya na mtihani wa kupima Kiingereza, TOEIC, mie nilitakiwa nipate kuanzia alama 600. Cheti cha polisi kwamba huna kesi. Unaingia kwa viza ya kazi, Non-Immigrant B, kisha shule inakufuatilia kibali cha kazi na ruhusa ya muda kutoka baraza lao la walimu, Khurusapha, ya miaka miwili. Na kila siku 90 unaripoti uhamiaji kwamba bado upo unapoishi. Ukichelewa, faini.

Wakala akikwambia ingia kwa viza ya utalii, hayo mengine "tutayaweka sawa ukifika", kimbia. Mie wa kwanza aliniambia hivyohivyo, na alishakula pesa yangu ya usajili kabla sijashtuka. Jina lake silitaji, ila naiona sura yake kila nikihesabu chenji.

Korea Kusini usipoteze nauli ya kwenda kuuliza: viza yao ya kufundisha lugha, E-2, kwa Kiingereza ni kwa raia wa nchi saba tu, na Afrika ni Afrika Kusini peke yake. China ilikuwa njia ya wengi, lakini tangu 2021 serikali yao ilipozibana shule za masomo ya ziada mambo si kama zamani.

Mshahara: baht 20,000 kwa mwezi. Wakati ule baht moja ilikuwa shilingi 60 na ushee, kwa hiyo milioni moja na laki mbili na kitu. Chumba 3,500. Nilikuwa natuma nyumbani na kubakiwa, lakini sikujenga ghorofa, wanaosema nimejenga waje wanionyeshe.

#12 Mtu wa Bara

Na hapo ndipo na mie nataka kuuliza bila kuficha. Walikuchukuaje wewe wakati Wazungu wamejaa huko? Na walikulipa sawa nao?

#13 Mwana wa Barabara ya Tisa

Hawakunilipa sawa. Darasa la jirani alikuwepo kijana wa Kiingereza, mpole, hana neno, hajawahi kushika chaki maishani. Alikuwa kwenye 35,000. Mie nilikuwa nimefundisha sekondari hapa Tanga miaka miwili. Vipindi sawa, watoto walewale. Nimeshaomba kazi shule kadhaa kabla ya hiyo, barua inajibiwa vizuri, halafu wanasema "tuma picha", ukishatuma picha kimya kinatanda. Hii iliyonichukua nadhani siku ya kufungua shule ilikuwa inawakaribia na hawana mtu.

Watoto walimaliza habari ya rangi yangu ndani ya wiki. Walinisugua mkono kuona kama inatoka, haikutoka, wakahamia kwenye nywele, kisha wakasahau. Wakubwa ndio hawakusahau.

Muhula wa pili mama mmoja kaenda kwa mkuu wa shule. Anasema mwanawe akiwa nyumbani anaomba "milki", na yeye analipia programu ya Kiingereza, si programu ya Kiafrika. Mkuu akaniita, akanimiminia chai, akazungumzia mvua dakika kumi, kisha akasema taratibu labda niwe nawasikilizisha sauti za kwenye kompyuta. Kithai huwa hakikupigi kofi, kinakusogezea kiti karibu na mlango.

Niseme ukweli wangu: iliniuma kwa sababu yule mama alikuwa na hoja. Milki ilikuwa yangu. Lakini mwanawe alikuwa ameweza kuomba maziwa, akapewa. Yule kijana wa jirani, darasa lake walitamka vizuri sana nyimbo tatu, ukiwauliza jina la mama zao wanakuimbia wimbo wa nne. Naye mshahara wake ni 35,000.

#14 Pweza wa Raskazone

Kinakusogezea kiti karibu na mlango. Hii nimeiiba, kesho naitumia kazini.

#15 Chaki Nyeupe

Mimi ni mwalimu wa msingi huku Pongwe, darasa langu lina watoto wengi kuliko lako mara mbili. Nijibu kitu kimoja: bila fimbo uliwatulizaje?

#16 Mwana wa Barabara ya Tisa

Mwalimu heshima yako. Wizara yao ilipiga marufuku viboko tangu 2005, ingawa rula niliziona kwa macho yangu kwenye mikono ya walimu wazee. Mie nilikatazwa na nilikuwa na woga wa mgeni. Nilichokuwa nacho ni sauti na yale masihara ya soksi. Nikitaka kimya navua mkononi kiatu cha karatasi nilichotengeneza, natoa kidole gumba, kidole kinanong'ona. Wananyamaza kusikia kidole kinasema nini. Najua kwa watoto themanini kidole hakifiki dawati la nyuma, sitakudanganya.

Na sifuri huruhusiwi kuitoa. Mtoto akifeli anarudia mtihani, akifeli anarudia, mpaka mnakubaliana kwamba kafaulu. Hilo sikulipenda na bado silipendi.

Lakini kuna siku moja Juni, Alhamisi, inaitwa Wai Khru, siku ya kumwamkia mwalimu. Watoto wanaleta vitrei vya maua walivyosuka na mama zao. Ndani wanaweka ua la bilinganya kwa sababu linainama, majani ya nyasi kwa sababu hukanyagwa na huota tena, na maua mekundu membamba kama sindano, akili iwe na ncha hivyo. Walimu mmekaa kwenye viti jukwaani, watoto wanakuja kwa magoti wawili wawili, wanainamisha vichwa mpaka mapajani pako. Mie nimekulia kwenye shikamoo, mtoto akiniamkia mkono wangu unakwenda kichwani kwake wenyewe. Ukaenda. Msaidizi akanifinya. Kichwa cha mtu huko ndicho patakatifu, hakiguswi hovyo. Nikabaki na mkono hewani juu ya kichwa cha Mu kama ninayepima joto la pasi.

#17 Kange Stendi

Ulikuwa hukumbuki nyumbani? Mie nikikaa Dodoma wiki mbili naota bahari.

#18 Mwana wa Barabara ya Tisa

Isan haina bahari, ni mashamba ya mpunga mpaka unachoka. Nilikumbuka upepo wa jioni wa Raskazone kuliko watu, Mungu anisamehe.

Kilichonipooza ni saa. Mchana wana hesabu zao, lakini giza likiingia wanahesabu kama sisi: saa moja usiku ni nueng thum, yaani moja. Saa mbili song thum, mbili. Hivyo mpaka saa tano usiku. Yule kijana wa jirani alikosa miadi mwaka mzima kwa ajili ya hizo saa. Mie nilipoambiwa "song thum" nikafika saa mbili kamili, mwenye nyumba akashangaa nani kanifundisha.

Na Oktoba 2016, tarehe 13, mfalme wao Bhumibol akafariki, mtu aliyekaa kwenye kiti miaka 70. Nchi ikavaa nyeusi. Madukani nguo nyeusi zikaisha, watu wakawa wanachemsha nguo zao barabarani kwenye masufuria ya rangi. Mie nilikuwa na shati moja jeusi. Msaidizi akachukua mashati yangu mawili ya bluu akayatumbukiza, yakatoka na rangi ya kaniki kabisa, ile ya bibi zetu. Shule ilipofunguliwa, kitoto kimoja cha darasa la kwanza kikanishika mkono, kikatazama shati, kikatazama mkono, kikasema kitu na darasa likacheka. Msaidizi alikataa kunitafsiria wiki nzima. Nilipombana akasema: "Kasema Teecha ndiye aliyeomboleza kuliko wote."

#19 Mtu wa Bara

Nimecheka mpaka bosi kageuka.

#20 Shangazi wa Chumbageni

Umesema utanisimulia jina la yule mtoto. Nimekaa toka Alasiri.

#21 Mwana wa Barabara ya Tisa

Samahani Shangazi. Mwaka wa mwisho watoto wakadai niwape majina ya kwetu. Nikagawa: Zawadi, Baraka, Neema, Juma. Ilipofika zamu ya Mu nikajiona mjanja, jina limo tayari, naongeza silabi moja tu na namtoa kwenye unguruwe moja kwa moja. Nikamwandikia ubaoni: Musa. Jina la nabii.

Darasa likacheka mpaka wengine wakashuka chini ya madawati. Mu mwenyewe kachukia, kaniangalia kama nimemsaliti. Nikamgeukia msaidizi. Anafuta machozi. Anasema kwa Kithai "musa" ni uongo, kusema uongo, ndiyo neno watawa wanalotumia wakifundisha watoto amri ya kutodanganya.

#22 Shangazi wa Chumbageni

Si ungemwacha na unguruwe wake.